Mwizi Aliyeshinda kwa Kura Moja

Jumatatu, 12 Januari 2015

Matokeo yametoka. Nimefeli. Form Two tena – darasa lile lile, ramani ile ile ya Afrika iliyochanika kwenye Sudani. Baba alirudi kutoka kulitazama jina langu ubaoni, akasema, "Firdausi mwanangu, hata kufeli umefeli kimya kimya." Kisha akaingia dukani kupima sukari.

Majibu nilikuwa nayo, kwa Kiswahili. Mtihani uliyataka kwa Kiingereza. Mimi mwoga kwa lugha zote mbili, ila kwa Kiingereza nazidi.

Jambo moja zuri: Fidele wa Nyakitonto naye anakariri darasa. Mwaka jana muhula mzima alikuwa hospitali Kabanga, anamuuguza baba yake. Basi. Siandiki zaidi.

Jumatano, 4 Februari

Mkuu wetu, Mwalimu Nestori, karudi kutoka semina Kigoma na begi jipya. Parade ndefu! Wawili walianguka kwa jua. Anasema utafiti umeonyesha kwamba mtoto aliyekaririshwa darasa, akikua, yuko kwenye hatari kubwa ya kuwa mhalifu. Nikajua sasa atasema basi, tuache kukaririsha watoto. Wapi! Kasema, "Kwa hiyo hawa tuwawahi."

Tuliokariri sote tumehamishiwa benchi la nyuma, dirishani, ofisi ituone vizuri. Dirisha lenyewe linatazamana na stoo ya maharage.

"Fida," Fidele akaninong'oneza, "wametupunguzia safari."

Nilicheka ndani kwa ndani, ndivyo ninavyocheka. Shule nzima ni yeye tu anayenijua jina. Walimu wananiita "wewe wa nyuma". Mwaka jana nilikaa mbele, na bado waliniita wewe wa nyuma.

Ijumaa, 6 Machi

Kengele imeibwa! Yaani ile rimu ya lori iliyoning'inia kwenye mkaratusi. Hakuna kipindi kilichoanza wala kilichoisha. Mwalimu wa Biology alifundisha mpaka akaishiwa, akaanza kutusimulia habari za shemeji yake.

Benchi letu tumepekuliwa mifuko. Rimu ya lori – mifukoni!

Jumatatu, 9 Machi

Leo ilikuwa kura ya siri, kama wanavyofanya vijijini ng'ombe wakiibwa. Kila mtu anaandika jina la mwizi, anatumbukiza kwenye ndoo. Mkuu akaonya: atakayeacha karatasi wazi, mwizi ni huyo huyo.

Mimi simjui mwizi. Nilitaka kuandika I don't know, nikaogopa spelling. Kiranja Mudathiri akaja kunisimamia kichwani. "Andika bwana, unatuchelewesha uji!" Nikaona ndoo inakaribia. Mkono ukaandika wenyewe.

Na mkono wangu huu umezoea kuandika jina moja tu. Kurasa za mwisho za shajara hii zinajua.

Nimeandika Fidele Niyonkuru. Kwa mwandiko mzuri kabisa. Nusura nichore na ua.

Nilipoona nilichofanya, karatasi ilishatumbukia.

Jumanne, 10 Machi

Mkuu kavaa koti kutangaza matokeo. Kura iliyosema "Shetani" imeharibika. Iliyosema "Njaa" imeharibika. Moja ilikuwa na jina lake mwenyewe – hiyo imeharibika sana, kaichana pale pale.

Mshindi wa pili, Saady wa Form Four. Wa kwanza, Fidele. Kamzidi Saady kwa kura moja.

Moja!

Kushinda lazima angeshinda, nilijiambia. Anayekariri anajulikana na madarasa mawili, wapiga kura wake ni mara mbili ya wa mtu mwingine. Lakini moja ni moja. Mimi mwenyewe sikupata hata kura. Benchi lile lile, kosa lile lile, na hakuna aliyenikumbuka hata kwa wizi.

Kafukuzwa hadi alete kengele. Watu wakapiga makelele, "Mheshimiwa! Mheshimiwa!" Akapunga mkono kama mbunge. "Ndugu wananchi, mmenichagua wenyewe, sitawaangusha!" Hata walimu walicheka.

Alipokuja kuchukua madaftari yake hakuwa anacheka. "Baki salama, Fida," alisema. "Najua wewe hukuniandika."

Nilitazama viatu vyangu. Nimevitazama siku nzima.

Jumamosi, 28 Machi

Nilikuwa nauza dukani, Fidele akaingia kwa mlango wa nyuma. Mfuko wa sukari begani, matope mpaka magotini. Siku hizi anambebea mzigo Athuman, mfanyabiashara wa Manyovu, kule mpakani. Sukari inatoka ng'ambo, Burundi, inapita porini, haisalimiani na watu wa forodha.

Baba akapokea, akalipa, akasema, "Kijana mchapakazi." Mlango ulipofungwa akamgeukia mama: "Watoto wa siku hizi! Shule hawataki, wanataka magendo tu."

Jioni akaja Mwalimu Nestori kununua kilo mbili. Akasifu bei.

Kabla Fidele hajaondoka nilimpa maji ya kunywa tu. Akayanywa amesimama. "Kule hawaulizi umekariri mara ngapi," alisema. "Wanauliza kama unajua kukimbia."

Jumatano, 29 Aprili

Kengele imerudi!!

Mzee Bazilio, mlinzi, kaileta na baiskeli kutoka kwa fundi wa kuchomelea, mjini Kasulu. Tundu la kuning'inizia lilikuwa limelika, na aliyemtuma akalitoboe upya ni Mkuu mwenyewe! Akasahau. Fundi naye hakuwa na umeme, wiki zikapita. Mzee Bazilio kaulizwa kwa nini alinyamaza muda wote huo. "Mliuliza nani kaiba," alijibu. "Mimi sikuiba."

Mama Esteri, mama yake Fidele, habari zilimfikia Nyakitonto mchana huo huo. Akaja. Akapiga magoti mbele ya ofisi, akapiga na makofi ya salamu, yale ya kwetu, taratibu. "Mwalimu, kengele si hiyo inaning'inia? Nirudishie umwana wanje, mwanangu."

Mkuu akamwinua kwa heshima. Alisema anaumia sana, tena sana. Lakini kura zilishapigwa na matokeo yakatangazwa. Yeye ni nani atengue uamuzi wa wengi? Kwa vile ni mtu wa haki, ataitisha kura ya marudio: arudi au asirudi.

Yaani kijana atapigiwa kura kama hajaiba kitu ambacho hakikuibwa.

Jumapili, 17 Mei

Mabasi ya wakimbizi wa Burundi yanapita Kasulu mfululizo kwenda kambi ya Nyarugusu. Watoto wamelalia magodoro. Upande wa mpaka askari wamejaa, na kwa hiyo Athuman anawalipa vijana mara mbili.

Fidele kapita dukani. Hakuleta mzigo. Kasema kesho kura zikimrudisha, anarudi, kalamu anayo. Zisipomrudisha anavuka kesho hiyo hiyo. Juzi mwenzao mmoja kafyatuliwa risasi, ikapita kwenye kofia. Alisimulia huku anacheka. Kicheko chake kimebadilika, kama cha mtu anayekiazima.

Nilifungua mdomo nimwambie kuhusu ile kura yangu. Baba akaita, "Firdausi, mizani!"

Nikaenda kwenye mizani.

Jumatatu, 18 Mei

Naandika darasani, shajara iko mapajani. Tumesongamana shule nzima, wengine madirishani. Ndoo ipo mbele. Fidele yuko nje chini ya mkaratusi na mama yake, naliona shati lake la shule. Kalipiga pasi.

Mkuu anahutubia kabla ya kura. Anasema hataki kumshawishi mtu. Anasema tukumbuke tu alichotuambia Februari: anayekariri atakuwa mhalifu. "Na leo huyu kijana anafanya nini? Anavusha magendo! Utafiti umethibitika!" Walimu wanapiga makofi. Anakohoa, anakunywa chai yake. Anaongeza sukari.

Karatasi zinagawiwa. Yangu hii hapa. NDIYO au HAPANA. Benchi letu tuko wachache na shule ni kubwa. Kura yangu moja leo haitoshi. Ile ya Machi ilitosha.

Mudathiri anapita na kalamu.

Mkuu: "Kabla hatujaanza, kuna mwenye swali?"



Mkono wangu wa kulia uko juu. Naandika kwa wa kushoto ndiyo maana mwandiko umekuwa hivi. Sijui uliinukaje. Wanageuka wote, hata walio madirishani. Nje Fidele kasimama.

Mkuu anachungulia juu ya miwani. Ananitafuta jina usoni.

"Enhe, wewe wa nyuma. Kwanza unaitwa nani?"