Mbili Juu ya Kumi

Uvira, Alhamisi

Kwa kaka yangu Basile, Lemera,

Salamu nyingi zikufikie wewe, mke wako na watoto. Natumaini baridi ya huko juu haijakurudishia kikohozi, na maharagwe yameshika vizuri. Mimi mwili hauna neno. Nimesema mwili, kaka. Mengine utayasoma, na uyasome peke yako.

Barua hii haijapita mikononi mwa mama mkwe kama zile nyingine. Mama Pudentienne husoma kila ninachokuandikia kabla hakijatoka, eti anaongeza salamu zake. Hii anakuletea Claire, mwalimu mwenzangu, anayepanda kumwona shangazi yake hospitalini.

Wiki iliyopita nilifundisha mwaka wa nane kutafuta wazo kuu na maelezo yanayolishikilia. Kitabu tunacho kimoja, na habari zake watoto wamezikariri. Nikachukua barua niliyokuandikia mwezi uliopita, nikaondoa majina, nikainakili ubaoni. Niliona ni rahisi: sentensi ya kwanza inasema niko salama, nyingine zinaeleza. Mama mkwe ananitunzia diploma yangu ndani ya sanduku lake. Shemeji ananisindikiza shuleni na kunirudisha. Lango linafungwa saa kumi na moja, wezi wasituingilie. Ziwani siendi tena, lakini mawimbi nayasikia nikiwa jikoni.

Darasa likajibu kwamba wazo kuu ni huyo mama mwenye barua anatunzwa vizuri. Nikafurahi, nikaanza kufuta ubao. Ndipo Inamahoro, msichana wa dawati la nyuma ambaye hajibu mpaka aitwe, akasimama mwenyewe na kuniomba nisifute kwanza.

“Madamu, ile ya kwanza hakuna kitu inaishikilia,” akasema. “Zote zenye kufuata ziko zinasema mulango. Huyu muntu wamemufunga. Anashukuru tu juu ya kuogopa.”

Wenzake wakacheka. Mimi niligeukia dirisha. Shemeji yangu Vainqueur alikuwa amesimama chini yake akiningoja. Nikamwambia mtoto kwamba amekosea, kwamba msomaji hana ruhusa ya kuongeza yasiyoandikwa. Nikamwandikia daftarini alama mbili juu ya kumi. Hakulia. Alikaa, akawa ananitazama mimi badala ya daftari lake.

Kaka, alikuwa sawa. Siku tuliyomzika mume wangu Ezéchiel ulitaka kunichukua, nami nikakujibu mbele ya watu kwamba nyumba yake ndiyo kwangu. Kilikuwa kiburi. Niliona aibu kurudi nyumbani mjane asiye na mtoto. Sasa Jumamosi ya tarehe ishirini na nne wanaondoa kilio, kumaliza matanga, na siku hiyohiyo nitakabidhiwa kwa Vainqueur niwe mke wake. Hakuna aliyeniuliza, nimewasikia tu wakigawana kazi za sherehe. Majuto ni mjukuu, na wangu ameshaanza kutembea. Naogopa, Basile.

Njoo kabla ya siku hiyo, pamoja na baba mdogo, asubuhi lango likiwa wazi. Msikubali kiti wala kinywaji kabla sanduku halijafunguliwa, maana bila ile diploma sitafundisha popote.

Msalimie mama, umwambie nakula vizuri. Hilo ni kweli. Tukishatoka, tupite shuleni kidogo kabla ya kushika njia ya Lemera. Nina daftari moja la kusahihisha upya.

Ni mimi mdogo wako anayekungoja,

Sidonie