Bomba Lisitoke Kwenye Wimbo

Mjukuu wangu Kabula,

Marahaba. Huku Dar bado nabeba zege. Mgongo umechoka, mimi mzima.

Unauliza kama uimbe kwenye kampeni. Mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, ngoma yetu pale Kamanga ilikuwa na wimbo wa kudai bomba la maji. Mgombea akatuita jukwaani. "Wimbo mtamu, vijana. Toeni bomba, wekeni jina langu."

Bibi yako, manju wetu, aliyeongoza nyimbo, akamuuliza, "Kwani wewe, baba, ukifunguliwa unatoa maji?"

Watu walicheka. Wapambe wake wakatuzimia spika, tukaimba hivyo hivyo, bomba likiwemo.

Alishinda kwa kuahidi maji, mwongo yule! Mpaka leo bibi yako anachota ziwani kwa ndoo.

Imba, mama. Lakini bomba usilitoe.

Babu yako