Kabla Pai Haijakatwa

Cedar Fork, 3 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumai goti limetulia na Mama bado anakusimanga kwa kahawa yako isiyoisha. Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa.

Juzi ulisimama katika bunge la jimbo ukawaonyesha wenzako video ya mwalimu wa chuo akimwambia mwanafunzi, "Nithibitishie kwamba ile sanamu ya jenerali aliyepigania utumwa, pale mahakamani, ni aibu yetu." Ukasema walimu wa aina hiyo wafukuzwe. Baba, sauti ile hukuitambua? Ni mimi!

Aliyerekodi alikata mapema. Sentensi iliyofuata niliwaambia wanafunzi wabadilishane pande. Ni mchezo wako wa Jumapili tukitoka kanisani: kila mtu atetee asichokiamini, na marufuku kumuuliza mtu msimamo wake hadi Mama akate pai. Yule kijana wa kwenye video, Dalton, anaipenda sanamu hiyo kuliko hata wewe.

Wakuu wa chuo wanakaa tarehe ishirini kuamua kama nibaki. Simama pale pale uliposimama, useme ukweli.

Binti yako,
Corrine

9 Machi

Mwanangu Corrine,

Marahaba. Goti linauma. Mama yako mzima, ila tangu barua yako ifike hanisemeshi.

Video nilipewa asubuhi ileile, uso hauonekani, nikaitumia haraka haraka. Nimekosa, nakubali. Lakini mchezo wa mezani ni wa mezani! Kwetu nilikuwepo mimi wa kuwachunga. Kwako kuna watoto wa watu, na wazazi wao ndio wapiga kura wangu. Kura za mchujo ni Juni. Nikisimama kumtetea binti yangu, watasema damu nzito kuliko maji.

Omba radhi tu, mama, yaishe. Funika kombe mwanaharamu apite.

Baba yako

14 Machi

Baba,

Shikamoo. Mimi naendelea hivyo hivyo.

Niombe radhi kwa lipi? Wewe uliyeninyima pai nikiwa mtoto wa miaka tisa, kisa nimekataa kutetea upande wa Mjomba Vern kwenye mchezo ule! Nililia, ukaniambia, "Hoja usiyoweza kuisema, huna haki ya kuipinga." Maneno hayo nimeyabandika ukutani darasani kwangu.

Sitaki upendeleo. Nataka useme kilichotokea, basi. Ukinyamaza, umenifukuza wewe.

Binti yako,
Corrine

23 Machi

Baba,

Shikamoo. Mama amenipigia, najua mko wazima.

Wamenifukuza. Mkuu wa chuo alisema, "Baba yake mwenyewe hajabadilisha kauli, mimi ni nani?" Dalton alikuja kunitetea, kofia mkononi. Akawaambia, "Siku ile sikuamini neno hata moja nililosema. Ila sasa najua wenzangu wanaona nini wakipita pale kwenye sanamu." Hawakumuuliza hata swali moja. Baadaye alinisaidia kubeba vitabu hadi kwenye gari.

Mama anasema Jumapili ulikaa mezani hukugusa chakula. Mwambie ahsante kwa kipande cha pai ya pichi alichonitumia, nimekila chote.

Kwa hiyo pai imeshakatwa, Baba. Sasa naruhusiwa kuuliza. Wewe unaamini nini?

Binti yako,
Corrine