Nimefuta Mstari wa Mashine Ili Bosi Anione Mimi

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla ya kesho saa nne asubuhi, maana nimefanya jambo ambalo hata mume wangu sijamwambia. Mimi ni karani wa wakili, huu mwaka wa kumi na tisa, na kitu kilichofanya ofisi nzima iniheshimu ni maneno ya mkataba, yaani kila mkataba una yale maneno yanayopewa maana ukurasa wa kwanza, ukisema Eneo basi ni eneo lipi, ukisema Mpangaji ni nani, na neno hilo lazima lishike maana yake mpaka kwenye sahihi, sasa bosi alikuwa anasoma kwa sauti na mimi nafuata na daftari langu, natia alama kila neno linapotokea, saa nzima kila siku baada ya chakula cha mchana, na akimaliza anavua miwani ananiuliza, "Jicho, umeona nini?" Ndilo jina langu pale kazini, Jicho.

Basi mwaka huu mpwa wake amehitimu uwakili, akaja na hiyo akili bandia kwenye kompyuta, unaiwekea mkataba wote na kabla hujameza mate imeshatoa orodha, neno hili halina maana, lile limepewa maana mbili, lile limepewa maana na halijatumika popote. Bosi amefurahi kama mtu aliyepata mjukuu, siku hizi mimi haniulizi kitu, anamuuliza mpwa wake, "Mwenzetu anasemaje?" Mwenzetu! Mashine! Miaka yote hiyo mimi sijaitwa mwenzetu hata siku moja. Wanacheka humo ndani na mimi nimebaki kuchapisha orodha ya mwenzetu na kuibana juu ya mkataba. Mshauri, wivu huu sijawahi kuwa nao hata kwa mwanamume.

Wiki hii ukaja mkataba wa mama mmoja mteja wetu anayeoka mikate, anapanga duka. Eneo limeelezwa kuwa ni chumba cha mbele tu, na tanuri alilojengewa kwa matofali liko nyuma, halafu mkataba unataja Uwanja wa Nyuma mara tatu bila kusema popote ni upi wala nani ana haki ya kuutumia. Mashine ikaliona. Na mimi ningeliona tu, lakini shetani akanipitia, nikafuta ule mstari kabla ya kuchapisha, nia yangu bosi apokee orodha safi ndipo mimi niingie niseme, "Bosi, mwenzetu amepitwa, mimi nimeona." Maneno nilishayafanyia mazoezi chooni. Kumbe bosi kuona orodha haina kitu akasema, "Safi, upelekwe," na mpwa akautuma kwa mwenye nyumba kabla sijainuka kwenye kiti. Kesho wanasaini. Nikisema, mpwa ataiuliza mashine tena na mstari nilioufuta utaonekana. Nikinyamaza, mwenye nyumba akitaka anafunga mlango wa nyuma na yule mama hana pa kuokea. Na la aibu kuliko yote, kuna moyo mwingine ndani yangu unaotaka wasaini, mambo yaharibike, bosi aichukie ile mashine. Nifanyeje?

Jicho

*

Jicho, pole. Haya, sasa kaa vizuri nikuseme.

Barua yako imeingia alfajiri hii, nimeisukuma mbele ya foleni ili isomwe redioni leo hii asubuhi, maana ukurasa mzima umelia kama mtu aliyeletewa mke mwenza, na aliyebeba msalaba wa ndoa yenyewe ni mwoka mikate! Yeye amekukosea nini? Unasema ungeliona. Dada yangu, hukuliona. Mashine imeliona kwanza, na hapo ndipo panapokuuma. Usinizunguke.

Kuumia una haki. Bosi wako naye amekosa, mtu hasahauliwi hivyo kama mwavuli jua likitoka. Angekuambia hata asante. Lakini hebu nikuulize: ile mashine ilijua kuna tanuri? Ilisema neno halina maana, basi. Kwamba nyuma ya neno hilo kuna matofali na riziki ya mtu, ulijua wewe. Wewe ndiye uliyejua uzito wake, na wewe ndiye uliyefuta. Hilo silipaki sukari.

Sasa sikiliza. Ukizima redio, chapisha orodha ile upya, na mstari wake ndani. Ingia kwa bosi, mpwa akiwepo au asiwepo. Sema, "Huu mstari niliufuta mimi, kwa wivu. Mkataba usisainiwe." Usianze na miaka kumi na tisa, usimtaje mpwa, usilie kwanza. Kisha mwambie waandike Uwanja wa Nyuma ni upi, kwamba tanuri limo na mpangaji ana haki nalo, na mwenye nyumba apelekewe tena hata kama siku ya kusaini itasogea. Anaweza kukufukuza. Sitakudanganya, anaweza. Asipokufukuza, ngoja wiki ipite ndipo umwombe ile saa yenu ya kusoma irudi, mkiwa na orodha ya mashine mezani. Leo usiombe chochote.

Na wewe mama mwoka mikate, kama unanisikiliza huku unakanda unga: kesho kabla hujashika kalamu, uliza tanuri lako limeandikwa kifungu cha ngapi, na usisaini mpaka wakuonyeshe.

Jicho, nimeshamwambia. Kimbia, umfikie bosi kabla yake.