Mawe Saba Niliyoyang'oa

Itetemia,
Tabora.
19 Februari 2023

Mpendwa kaka Yahaya,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta huko Maskati ukiwa mzima, pamoja na wifi Zuhura na watoto. Mgongo wako unaendeleaje? Sisi huku hatujambo. Mama anakula, presha imetulia, ila jicho la kushoto sasa halioni kabisa na la kulia linaona ukungu. Mvua mwaka huu ni nyingi. Mahindi yamenipita kimo.

Ulipopiga simu Ijumaa ile nilikuambia mtandao mbaya, nikakata. Mtandao haukuwa mbaya, kaka. Nilikuwa na maneno ambayo mdomo ulikataa kuyasema simuni. Nimeyaandika, na Saidi jirani yetu anayesafiri keshokutwa amekubali kukuletea.

Unaujua udongo wa bustani yetu, kutoka mlango wa nyuma mpaka bombani. Mvua ikinyesha ni utelezi mtupu. Mwezi wa kumi na mbili Mama alianguka akienda kutawadha, akateguka mkono. Nikaamua nimpangie mawe ya kukanyagia. Saruji sikuitaka, ikilowa nayo inateleza, na Mama hapendi viatu.

Nilimwomba kwanza atembee kama kawaida yake, nami nyuma yake nikidondosha majivu kila unyayo ulipotua. Hatua zake zimekuwa fupi sana. Pale ninapokwenda hatua kumi na tatu, yeye ni ishirini na tatu. Kwa hiyo nilihitaji mawe ishirini na matatu.

Masolwa, mtu mmoja mwenye mkokoteni wa ng'ombe, ndiye aliyenifundisha kuchagua. Jiwe liwe bapa, pana kuliko unyayo, lenye kukwaruza kidogo juu, na ulikanyage palepale ulipolikuta uone kama linakaa imara. Kumi na sita tuliyapata kwenye kilima cha mawe nyuma ya mashamba. Mengine yakawa ya mviringo au membamba, yangepasuka. Tukarudi kwa ile njia ya zamani ya misafara, iliyokuwa ikitoka Ujiji, ambayo siku hizi wanapita watu wa mkaa na asali na baiskeli zao. Hapo kando, ndani ya vichaka, nikaona mawe saba bapa yamelala kwa safu, nusu yamezama ardhini. Yalikuwa mazuri kuliko yote tuliyobeba.

Masolwa alisimamisha ng'ombe lakini hakusogea.

"Haya tuyaache, mama," alisema. "Jiwe halijipangi lenyewe."

"Yatakuwa ya barabara ya zamani. Nani anayahitaji sasa?"

"Mimi kazi yangu kubeba. Ila nimeshasema."

Nilichukua mtaimbo nikayang'oa mwenyewe. Chini yake udongo ulikuwa mweusi, laini, kama wa shamba lililopaliliwa jana. Nililiona hilo, kaka, na sikuacha.

Kazi ya kuyalaza ilinichukua siku mbili. Kila jiwe nililiweka juu ya alama ya majivu, nikalichora pembeni kwa panga, nikachimba kadiri ya unene wake, nikatandika mchanga na kulishindilia. Kisha nililisimamia, nikijiyumbisha huku na huku. Lililocheza nililitoa nikaanza upya. Nilijisifu moyoni.

Alasiri ya siku ya pili nikamwita Mama. Alikwenda peku, polepole, bila kunishika, akitabasamu kila mguu ulipokuta jiwe mahali alipolitegemea. Alipofika la kumi na tisa akasimama. Jiwe lile lina kishimo katikati, kama kiganja kilichokunjwa, na mvua ya asubuhi ilikuwa imejaa humo. Mguu wake uliingia majini, na hakuutoa.

"Hili umelitoa wapi?"

"Njia ya Ujiji, Mama. Kichakani."

Alikaa chini, pale pale kwenye tope, na nguo yake safi ya kuswalia. Akalipapasa kwa mikono miwili, mpaka kwenye kingo.

"Mwamvita," alisema, "umemfunua."

Nilimwingiza ndani, nikamwosha miguu, na ndipo aliponieleza. Unakumbuka tulivyoambiwa kwamba bibi yake, Sikuzani, alikuja Tabora na wafanyabiashara? Ni kweli alikuja nao. Wewe na mimi hatukuuliza alikuja kama nani.

Alikuja amefungwa, kaka, kutoka Manyema, mtoto wa miaka kama saba, pamoja na mama yake. Walipokaribia hapa mama yule aliugua homa, akafia kambini. Wapagazi walimfukia kwa kina kifupi tu, kwa sababu msafara ulikuwa unaondoka. Sikuzani alikuwa amesikia fisi njia nzima. Akakimbia kutafuta mawe bapa, akamlazia mama yake jiwe la kichwani, la kifuani, na kuendelea. Alipata sita. Kabla hajafika miguuni, nyapara alimshika mkono akamvuta.

Ilimchukua miaka kuwa huru, akaolewa hapa hapa mjini, akapatafuta mahali pale mpaka akapapata. Ndipo alipopeleka jiwe la saba, lenye kishimo, akaliweka miguuni. Kila kiangazi alikuwa akienda kulimwagia maji, maana mama yake alikufa akiomba maji. Mama yetu alikuwa anafuatana naye akiwa na miaka minane, tisa. Hakumwambia hata Baba. Sasa najua kwa nini alimsihi Baba mpaka akanunua kiwanja huku Itetemia, wakati tulikuwa na nyumba nzuri mjini Kanyenye.

"Nilikuwa naenda mpaka macho yaliponikatalia," alisema. "Nikaogopa kukupeleka. Ningekupeleka ungeuliza."

Nilitaka tuyarudishe kesho yake, lakini mvua ilinyesha siku mbili mfululizo na barabara ikakatika. Siku hizo mbili sitazisahau. Mama aligoma kula. Kila ngurumo ilipopiga alikuwa ananiuliza kama kule kunaingia maji, na mimi nilijua kunaingia. Sikuweza kukanyaga yale mawe. Nilipita kando, topeni. Nikiinama bombani nilihisi kuna mtu mdogo nyuma yangu, amesimama kimya, mikono imemjaa, akingoja nimpishe. Niligeuka mara nyingi. Nakuandikia hivi ilivyokuwa, ucheke au usicheke.

Siku ya tatu jua lilitoka. Masolwa alikuja bila kuitwa. Tulimpandisha Mama mkokotenini juu ya godoro, na mawe saba miguuni pake. Kule vitanda vya mawe vilikuwa vimejaa maji ya kahawia. Tuliyachota kwa kopo, tukajaza udongo mkavu tuliokuwa tumeuchukua nyumbani. Kabla ya kuyalaza, mimi na Masolwa tulishindwa kujua upande upi ulikuwa wa miguu, ambako lingekaa lile lenye kishimo. Mama alishuka, akaenda kwa kupapasa, akakohoa kidogo, akasema, "Hapa. Miguu inaelekea alikotoka."

Tukaliweka hapo, na yale sita yakafuata. Akamimina maji kwenye kile kishimo na kusoma Fatiha. Nilimuuliza kwa sauti ndogo kama marehemu alikuwa Mwislamu.

"Sijui," alisema. "Soma na wewe."

Nikasoma. Masolwa, ambaye ni Mkatoliki, alivua kofia.

Mapengo saba nimeyajaza kwa mawe niliyorudi kuyatafuta kilimani, kwa hiyo njia ya bustani sasa ni mawe ya kilimani matupu. Mama anayapita vizuri, lakini mguu wangu bado unasita kabla ya kukanyaga, hata haya yasiyo na mtu.

Sasa nifike kwenye lile uliloniuliza simuni. Ulisema wazee wa mchumba wa binti yako Najiat wanataka nasaba yetu kwa pande zote mbili, na kwamba umeshawaambia upande wa Mama ni watu waliokuja kibiashara kutoka Nizwa, huko huko Omani. Nilimweleza Mama ulivyosema. Akaniamuru niandike hivi: Sakina binti Mwanahawa, binti Sikuzani. Baada ya Sikuzani yuko mama yake. Jina lake hakuna anayelijua. Sikuzani alikuwa akimwita mama tu. Mama anakuomba pale usijaze jina la kubuni. Acha nafasi wazi, na wakiuliza, waeleze ni ya nani.

Najua unaweza kupoteza posa. Mama naye anajua. Amesema atakupigia mwenyewe Ijumaa baada ya swala, na nisikae karibu.

Nisalimie wifi Zuhura, Najiat na kaka yake Sabiri. Shangazi Mwanaisha wa Kanyenye anakusalimu, na Masolwa pia, ingawa hamjuani. Mola awafunike kwa rehema zake mahali popote mlalapo.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Mwamvita