Trei Nne Zina Muhuri Wangu na Sikuzipima

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na naomba usiiweke barua hii chini ya nyingine, maana gari linapakia Alhamisi asubuhi, na mimi tangu Jumatano iliyopita usingizi wangu ni wa kuibiaibia, nikimnyonyesha mtoto ananikodolea macho kama ananiuliza mama una nini, na hata maziwa yenyewe naona yamepungua. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo nisamehe nikichanganya mambo.

Nafanya kazi kiwanda cha vyambo. Si vya samaki, ni vya ndege za jeshi. Kila kimoja ni ganda la bati lenye unga ulioshindiliwa ndani, na hupangwa kwenye safu ubavuni mwa ndege au helikopta, ili kombora linalofuata joto la injini likija rubani abonyeze kitufe, unga urushwe nje uwake moto mkali kuliko injini, kombora lidanganyike lifuate ule moto na watu wapone. Ganda tupu hubaki palepale kwenye safu. Mume wangu hunitania, eti "mke wangu mimi analipwa kwa kusema uongo," nami namjibu ndiyo, na uongo wangu unalipa karo kuliko ukweli wako.

Mimi niko meza ya kupima. Nakiweka chambo kwenye kiti chake, umeme mdogo sana unapita, taa ikiwaka kijani njia ya umeme ni nzima, ikiwaka nyekundu njia imekatika na hicho hakiruki hata rubani abonyeze mpaka kidole kivimbe. Kila kimoja nusu dakika, trei moja ina ishirini na nne, kwa hiyo trei ni dakika kumi na mbili kama hupigi soga. Kisha nagonga muhuri wenye namba yangu, kumi na saba, kwenye kila ganda. Muhuri tunauvaa shingoni na siku ya kwanza kabisa tuliambiwa huu ni kama mswaki, humpi mtu hata mumeo.

Mshauri, mimi nilimpa mtu.

Ilikuwa hivi. Sasa hivi tuna oda kubwa ya mnunuzi mpya. Bosi alitukusanya akasema soko la vyambo limepanda, kila nchi inataka kulinda ndege zake, na huyu mnunuzi akiridhika na mzigo wa kwanza ataagiza miaka mitano, lakini kuna kiwanda kingine nje kinangoja tuteleze tu. Tangu siku hiyo msimamizi wetu, tunamwita Mama Saa, anapita mezani anahesabu trei kwa kidole. Mimi nina ruhusa ya dakika ishirini na tano kwenda chumba cha nesi kukamua maziwa ya mtoto, ana miezi saba, lakini kila nikirudi trei zangu ni chache kuliko za wenzangu na Mama Saa hasemi neno, anaguna tu, na guno lake ni baya kuliko tusi.

Jumatano maziwa yalinijaa mpaka blauzi ikalowa. Wifi yangu, dada wa mume wangu, yuko meza ya pembeni yangu, na ndiye aliyeniombea hiyo kazi. Akaniambia, "Nenda, mke wa kaka, usije ukatufurikia hapa. Niachie muhuri nikusogezee kidogo." Nikacheka, nikauvua, nikampa. Niliona ananipenda, na kweli ananipenda.

Niliporudi nilikuta trei nne zangu zimegongwa na zimeshafunikwa. Nne, mshauri! Dakika ishirini na tano! Na zake mwenyewe zilikuwa zimeendelea. Nikamwinamia nikamuuliza polepole, "Wifi, umezipima hizi?"

Akasema, "Nimezigonga."

"Nimeuliza umezipima?"

"We mwana we, tangu uanze hapa umeona nyekundu ngapi?"

Nikamwambia kumi na moja, maana nazikumbuka zote. Akacheka, akasema, "Miaka miwili, kumi na moja! Mimi nilidhani utasema mia. Kaa chini ufanye kazi, unafanya watu watuangalie."

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Sikusema. Kijana wa bohari akaja na toroli akazichukua, nami nikamsogezea miguu apite.

Ijumaa likanikuta kubwa zaidi. Watu wa mauzo walileta rubani wa helikopta kutoka jeshi la mnunuzi wetu wa zamani, aje atushukuru mbele ya kamera. Mtu mrefu, mpole, anaongea huku anatazama viatu vyake. Akasema siku moja walikuwa wamebeba majeruhi sita, wamefyatua vyambo njia nzima, vikabaki viwili tu kwenye safu, na kombora likaja. Akabonyeza, cha kwanza kikagoma. Akabonyeza tena, cha pili kikatoka. Akaingiza mkono mfukoni akatoa ganda tupu jeusi, akasoma muhuri, akauliza, "Kumi na saba ni nani?"

Mshauri, wote walipiga makofi. Nilisukumwa mbele na aproni yangu, nikapigwa picha nimeshika lile ganda, na watu wa mauzo wakasema picha hiyo itaingia kwenye kitabu cha kuwaonyesha wateja kwenye maonyesho ya silaha. Rubani akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniuliza nina watoto wangapi. Nikasema mmoja. Akasema, "Mimi watatu. Wanakusalimu." Nilitamani sakafu inimeze. Wifi alikuwa nyuma anapiga makofi kuliko wote.

Nilipofika nyumbani nikamweleza mume wangu kila kitu. Akasema wanafyatua vingi kwa mpigo, kimoja kikigoma kingine kitatoka. Nikamwambia hukumsikia yule rubani. Akasema, "Sawa, lakini unataka kumfukuzisha kazi dada yangu? Aliyekuokota ulipokuwa huna kitu?" Mama mkwe, ambaye ndiye anabaki na mtoto wangu mchana, alikuwa jikoni anasikia. Akatoka na kitambaa mkononi akasema, "Mtoto nitakulelea, mwanangu. Aibu ya familia siwezi kuilea."

Jumamosi nikamwendea wifi mwenyewe, nikamwambia twende wote kwa mkaguzi mkuu, yule tunayemwita Bwana Miwani. Akanitazama, akasema taratibu, "Muhuri ni wako. Mimi namba yangu haipo popote." Halafu akalia. Ana watoto watatu na baba yao alishakwenda zake. Nikalia na mimi, tukalia wote pale mlangoni kama tumefiwa, na hatukukubaliana lolote.

Trei zipo bohari, rafu ya tatu, namba zake nimezikariri. Vyambo tisini na sita. Labda vyote ni vya kijani, naomba Mungu viwe vya kijani. Nikisema naweza kufukuzwa, wifi afukuzwe, mnunuzi akimbie na watu mia mbili wakae nyumbani kwa sababu ya maziwa yangu. Nikinyamaza naona viatu vya yule rubani. Nilikuwa na ndoto ya kusomea ukaguzi mwenyewe, kiwanda kinapeleka wawili kila mwaka, na binti yangu aje aseme mama yangu ni mkaguzi. Je, kosa la dakika ishirini na tano linafuta yote hayo? Na je, nani ananidai zaidi, yule aliyenipa kazi au mtu nisiyemjua aliye angani?

Nijibu gazetini, usinipigie, simu tunatumia wawili na mume wangu. Gazeti la Jumanne huwa linafika chumba cha nesi saa nne, nitalisoma hapohapo.

Mama wa mmoja

MSHAURI ANAJIBU

Mama wa mmoja, barua yako nimeitoa chini nikaiweka juu, na za watu wengine watatu zitangoja hadi wiki ijayo. Namba ya muhuri nimeibadilisha. Lakini tusidanganyane: viwanda vya namna hiyo haviko kila mtaa, na wewe si peke yako unayesoma gazeti la nesi. Kufika saa nane mchana leo kuna mtu atakayenyoosha kidole kwenye ukurasa huu na kumwita mwenzake. Nimelipima hilo kabla ya kuchapa. Nimeona afadhali ukasirike na mimi Jumanne kuliko ujikasirikie mwenyewe maisha yako yote.

Pole kwanza, na pole ni ya kweli. Mtu anayekamua maziwa huku anahesabiwa trei kwa kidole amebanwa pande mbili, na huyo Mama Saa ningependa kumwona siku moja amelowa blauzi mbele za watu.

Basi. Sasa nikuseme. Ulijua ulipoona trei nne. Uliuliza mara mbili, ukajibiwa, na toroli likaja ukasogeza miguu. Usimtwike wifi yako mzigo wote kwa sababu ni mkali wa maneno na wewe ni mpole. Yeye aligonga, wewe ulitoa muhuri na ukanyamaza. Mko wawili. Na aliposema namba yake haipo popote alisema kweli, ndiyo maana wa kwenda ni wewe.

Mumeo anampenda dada yake, simlaumu, ila amezungumza kama mtu ambaye hajawahi kubaki na vyambo viwili. Mama mkwe naye amekuogopesha na neno aibu. Mwulize kwa adabu aibu ipi kubwa: ya mkwe aliyekwenda mwenyewe kwa mkaguzi, au ya mkwe ambaye picha yake imezunguka maonyesho yote ya silaha na siku moja ikarudi na maswali? Kuhusu nani anakudai, sipimi watu kwa mizani. Wifi yako akipoteza kazi atatafuta nyingine, na wewe utakula naye ulichonacho. Mtu wa angani hana kazi nyingine ya kutafuta akishabonyeza na kusiwe na kitu.

Umeniletea na habari za watu mia mbili. Mnunuzi mpya ananunua nini kwenu? Bati lipo kila mahali, na unga huo kiwanda kile kingine kinao pia. Ananunua neno la watu wa meza ya kupima. Trei nne zikirudi mezani kabla ya gari kuondoka ni kazi ndogo, hata saa moja haifiki kuzipima zote, umenifundisha mwenyewe hesabu hiyo. Vyambo vikigoma mikononi mwa mnunuzi ndipo hao mia mbili watakaa nyumbani. Bosi wako akiwa na akili ataliona hilo. Akiwa hana, bado umefanya lako.

Siwezi kukuahidi hutafukuzwa. Ningekuahidi ningekuwa nami nimegonga bila kupima. Na ile nafasi ya kusomea ukaguzi, huenda mwaka huu imekwenda. Iombe mwakani, na uiombe ukieleza hili lililotokea wewe mwenyewe, kabla hawajakuuliza.

Sasa nisikilize vizuri. Kama unasoma hapa ukiwa kwa nesi, maliza kukamua, funika chupa, nawa uso. Mwombe nesi karatasi. Andika namba za trei, rafu, siku na saa, na kwamba hazikupimwa, mara mbili, nakala moja ibaki kwako. Usiandike jina la wifi. Andika kwamba ulimwachia mtu muhuri na kwamba ulikosea kuuacha. Wakimtaka watamuuliza mwenyewe, na usiwadanganye wakikuuliza wewe.

Kisha pita mezani kwake umwambie, "Naenda kwa Bwana Miwani sasa hivi, twende." Sasa hivi, si kesho. Ukimpa usiku mzima atakuletea kaka yake na mama yake na machozi ya watoto watatu, na wewe huyawezi. Ukimpa dakika mbili anaweza kusimama, na mimi nina imani kidogo kwamba atasimama, maana mtu asiye na dhamiri halii mlangoni. Asiposimama, usimbembeleze na usimtukane. Endelea kutembea.

Usipitie kwa Mama Saa, atakuambia ungoje zamu iishe. Usipitie kwa watu wa mauzo, wale wana picha yako ya kuiuza. Gonga mlango wa mkaguzi, ingia, usikae. Najua utataka kuanza na maziwa, na guno, na wifi alivyokupenda, na rubani. Usianze huko. Sema kwanza, "Kuna trei nne rafu ya tatu zina muhuri wangu na hazijapimwa. Naomba zishushwe." Ngoja mpaka umemwona ananyanyua simu ya bohari. Baada ya hapo lia ukitaka.