Breki za Eibu na Uzito Wangu

Benedeta rafiki yangu, leo kabla ya mapambazuko nimesikia mfuniko wa birika, kumbe Eibu ananipikia chai. Nikajua mjukuu wangu anaogopa, maana chai hunipikia akiwa na hofu tu.

Kampuni iliyounda pikipiki yake imeziita zote za aina hiyo ili irekebishe breki bure. Lakini yeye alishaiongezea injini nguvu kwa fundi wa mtaani. Alijua wakigundua watamfukuza na breki zake mbovu.

Tumefika karakana yao mjini Tororo, fundi wao Juliet akaiwasha, ikanguruma mpaka watu wakageuka. "Nani amechezea injini?" akauliza.

Nikasema, "Ni mimi. Mimi mzito, kilima kilikuwa kinatushinda." Benedeta, nimesema hivyo mbele za watu.

Juliet akaniangalia nilivyokonda, akacheka mpaka akashika meza. "Nyanya, injini ikifa ni shauri yenu. Breki ni kazi yetu. Kwa uzito huu lazima zishike."

Ametengeneza, akanisindikiza mpaka getini. "Urudi kunisalimia, hata bila pikipiki."